Sufuria ya Hitima

Bi Mgeni hakuwa na haja ya saa. Adhana ya alfajiri ilimkuta macho, udhu ameshatia, mkeka ameshatandika. Akimaliza kuswali na kuvuta uradi wake, alijifunga kanga, akachukua tenga na kisu cha kukatia majani, akatoka katika chumba alichopanga Mtaa wa Mafia, akashika njia ya sokoni kabla jua halijawa kali.

Sokoni hakwenda kununua. Alikwenda pale mboga zinaposhushwa, malori bado yana joto la safari, akainama kuokota kile ambacho wenzake walikuwa wakikikanyaga: mashina ya mchicha, majani ya kunde yaliyonyauka, maganda ya ndizi. Wachukuzi wa Kariakoo walishamzoea.

"Shikamoo, Mama Mbuzi!"

"Marahaba. Angalia huo mkokoteni wako usinitie mtaroni."

"Hivi mama, hao mbuzi wanakulipa?"

"Hawanilipi. Najitolea."

"Yaani bure kabisa? Bongo hii?"

"Bure kwako wewe. Kwa Mungu naandikiwa."

Mahali pake pa mwisho palikuwa kwa Uwesu. Huyu alikuwa mtu wa Lindi, mtu mzima mwenye mvi za kidevu, na mboga alizouza alizilima mwenyewe katika bustani yake Kisarawe. Hakupiga dawa ya wadudu hata siku moja. Alinyunyiza majivu, alinyunyiza maji ya mwarobaini, basi. Kwa hiyo matembele yake yalikuwa na matundu, na wateja wengine waliyabeza.

"Mbona yametoboka hivi?"

"Mdudu kala, na hakufa," Uwesu alijibu siku zote. "Chukua, mama, na wewe hutakufa."

Kila siku alimtengea Bi Mgeni fungu la mashina na majani ya chini, akalifunga kwa kamba ya mgomba. Yote hayo yalikwenda kwa mbuzi wa Mzee Elimringi.

Ukivuka mitumba ya Mchikichini, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea Jangwani, kulikuwa na ua wa zamani wenye ukuta ulioliwa na chumvi. Ndani yake Mzee Elimringi, Mchaga wa Rombo aliyestaafu kazi ya reli, alifuga mbuzi wa maziwa kumi na wanne na kuku wasio na idadi maalumu. Banda alilinyanyua juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko. Langoni alitundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: MIFUGO ASILIA. HATULISHI PUMBA ZA KIWANDANI. HATUCHOMI SINDANO OVYO. ULIZA KABLA YA KULISHA. Maziwa yaliwaendea wagonjwa na wazee wa mitaa ile. Mwenye uwezo alitoa chochote, asiye nacho alichukua akaenda zake. Kazi ilifanywa na watu wa kujitolea, na hao, ukiacha wale wa kuja wiki moja wakachoka na harufu, walikuwa wawili: Leticia, mwanamke mnene mcheshi kutoka Masasi, na Bi Mgeni.

Bi Mgeni alifikaje pale? Alifika na chupa.

Mumewe Bushiri, katika miezi yake ya mwisho, tumbo lilikataa kila kitu. Uji ulirudi, supu ilirudi. Kilichokaa ni maziwa ya mbuzi tu, na si ya mbuzi yeyote, ni ya mmoja mwenye madoa ya kahawia na meupe aliyeitwa Kashata. Miezi mitano Leticia alileta chupa ya maziwa hayo kila asubuhi, akapanda ngazi akihema, akaiweka mlangoni. Bushiri alikunywa nusu kikombe, akafuta midomo, akasema, "Mwambieni huyo Kashata asante." Alipofariki, chupa moja ilibaki dirishani. Bi Mgeni alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, anaitazama. Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza ilikuwa kuirudisha ile chupa. Alimkuta Leticia anafagia banda. Akaomba ufagio, akafagia upande wa pili. Kesho yake akarudi.

Hakukuwa na mahali pengine mjini ambapo mtu alimngoja. Watoto hawakujaliwa. Ndugu walikuwa Kilwa. Pale uani, akichelewa kidogo, mbuzi walilia.

Baada ya miezi, Mzee Elimringi akamwita mbele ya banda, akamshika Kashata pembe.

"Bi Mgeni, huyu mbuzi nakupa umtunze," alisema. "Kwetu nyumbani tunafanya hivi. Mbuzi anabaki wangu, lakini mkono ni wako. Unamlisha wewe, unamkamua wewe. Akizaa jike la kwanza, hilo ni lako."

"Na akifa, Mzee?"

"Akifa, unaniletea ngozi yake. Na unaniambia kwa mdomo wako mwenyewe amekufaje. Hakuna zaidi. Sitakudai kitu. Lakini ngozi niione na maneno niyasikie."

Leticia alipiga kigelegele. "Mtani wangu tajiri! Kesho utaanza kuvaa viatu vya visigino kuja kukamua."

Kashata akazaa wakati wa masika, jike, dogo, lenye doa moja jeupe kwenye paji. Bi Mgeni hakulipa jina. Alisema atalipa jina baada ya hitima ya mumewe.

Maana mwaka wa Bushiri ulikuwa umetimia. Alikuwa ameweka akiba ya mchele na nyama, akawaalika majirani, watu wa msikitini na mashekhe wawili, Jumapili baada ya adhuhuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha, ikanyesha tena asubuhi. Jangwani kukajaa maji, barabara ikafungwa, na wengi wa waalikwa walikuwa ng'ambo ya pili. Walikuja wachache. Walisoma vizuri, waliomba dua ndefu, Leticia naye akaja na kilemba chake cha kanisani akasaidia kupakua. Lakini pilau ilibaki. Bi Mgeni aligawa kwa wapangaji wote, juu na chini, akawapa walinzi wa duka la jirani, na bado ikabaki sufuria ndogo, imejaa.

Tangu utotoni alifundishwa kwamba punje ya chakula haitupwi. Na hiki hakikuwa chakula tu. Kilikuwa kimesomewa.

Zamu ya kukamua jioni ile ilikuwa yake. Mzee alikuwa kwenye mkutano wa jumuiya, Leticia amerudi kwake kulala. Bi Mgeni akaifunika ile sufuria kwa kitambaa, akaibeba mpaka uani. Njiani alikuwa akijiambia kwamba Kashata ana haki katika hitima hii kuliko hata mashekhe, kwa sababu ni yeye aliyemlisha Bushiri wakati dunia nzima ilipomshindwa. Alipita chini ya kibao. Uliza kabla ya kulisha. Angemuuliza nani? Na hata kama angekuwapo wa kuulizwa, Bi Mgeni alifikiri, makatazo yale ni ya vyakula vya dukani. Chakula cha dua kitamdhuru nani?

Alimpa Kashata kwa kiganja, mara mbili. Mbuzi alimlamba mpaka kwenye vidole. Kisha adhana ya alasiri ikaita, akaiweka sufuria juu ya ukuta wa hori, akaenda barazani kuswali. Alikusudia kuwagawia wote, kila mmoja kiganja kimoja.

Alipotoa salamu na kugeuka, aliona sufuria chini, imelala ubavu, na kichwa cha Kashata kimo ndani. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akaivuta. Hakubakisha punje, hakubakisha kiazi, hata ukoko alikuwa anaukwangua kwa meno.

Bi Mgeni akacheka. Mwaka mzima hakuwa amecheka hivyo, mpaka akashika nguzo.

"Haya, umekula hitima yote ya mume wangu wewe peke yako," alimwambia. "Basi muombee."

Aliiosha sufuria bombani, akakamua, akaenda nyumbani moyo mwepesi.

Jumatatu asubuhi alipofika na tenga lake, mbuzi kumi na watatu walimpokea kwa kelele. Kashata alikuwa amelala. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba ukawa mgumu kama ngoma iliyowambwa. Hakucheua. Alikuwa anasaga meno, na kitoto chake kinahangaika kwenye chuchu, kinavuta, kinaachia, kinalia.

"Mzee! Mzee, njoo!"

Mzee Elimringi alikuja na fulana yake ya ndani, akapiga goti, akagonga ule ubavu kwa vidole. Alimpigia simu bwana mifugo, ambaye kwa kweli alikuwa binti, anaitwa Stella. Stella akafika saa nne na mabuti yake na mkoba, akawaamkia wote, akampima joto, akasikiliza tumbo, akasimama.

"Kala nini?"

Ndilo swali alilouliza. Halikuwa gumu.

Leticia akasema yeye jana hakulisha. Mzee akasema yeye asubuhi alitoa majani ya kawaida. Wote wakamgeukia Bi Mgeni.

"Majani," Bi Mgeni akasema.

"Majani gani, mama?"

"Matembele."

"Kutoka wapi?"

"Kwa Uwesu. Sokoni."

Kila neno lilikuwa la kweli. Stella akakunja uso. "Nauliza hivi kwa sababu dalili zinafanana. Anaweza kuwa amekula jani lenye sumu ya wadudu. Anaweza kuwa amekula nafaka nyingi kwa mkupuo, ugali, wali, mahindi. Tumbo linachacha. Na matibabu si yale yale. Kama ni sumu, tunampa mkaa uliosagwa. Kama ni nafaka, tunampa maji ya magadi sasa hivi, na mafuta, na hatumlazi. Hakuna aliyempa wali? Makombo ya sherehe?"

Bi Mgeni alifungua mdomo. Wallahi alifungua. Lakini Mzee Elimringi alishamwahi.

"Hapa?" alisema, na sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo, kiburi cha mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake. "Binti yangu, hapa nafaka haiingii. Soma kibao hapo langoni. Na huyu mbuzi yuko mkononi mwa Bi Mgeni. Bi Mgeni anaswali vipindi vitano, huyu hasemi uongo."

Mdomo ukajifunga wenyewe.

Mkaa ukasagwa. Leticia aliushika mdomo wa mbuzi, Mzee akamimina, na Bi Mgeni akashika kichwa. Yale maji meusi yalichuruzika mpaka kwenye kanga yake. Alikuwa akijiambia: si pilau. Haiwezi kuwa pilau. Watu wameketi wakasoma Kurani juu yake, wakamuombea marehemu pepo. Kama ile pilau imegeuka sumu, basi dua zile zimekwenda wapi? Kusema kwamba ni pilau ni kusema hitima ya Bushiri haikupokelewa. Hilo hakuweza kulitamka. Hata moyoni alilipita upande.

Na chini ya hilo, akijichungulia vizuri, kulikuwa na jingine dogo zaidi, la aibu zaidi. Akifukuzwa hapa, kesho alfajiri akishaswali atakwenda wapi?

Mchana Mzee alivaa shati lake, akachukua kikonyo cha matembele yaliyobaki horini, akasema, "Twende kwa Uwesu." Bi Mgeni akamfuata nyuma.

Soko lilikuwa limechangamka. Mzee hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Lakini mtu mrefu mwenye mvi akisimama mbele ya meza ya mboga na kuuliza swali la namna ile, watu wananyamaza wasikie.

"Uwesu. Umepiga dawa?"

Uwesu alidhani ni utani, akaanza kucheka. Kisha akaona macho ya mwenzake. "Dawa gani, Mzee?"

"Mbuzi wangu anakufa. Kala majani yako."

"Mzee, bustani yangu umeiona. Umefika kwa miguu yako. Ulichuma jani ukalitafuna."

"Nililitafuna mwaka juzi."

Mchuuzi mmoja wa nyanya akadakia, "Eeeh! Asilia imekamatwa!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Na sisi tulikuwa tunauziwa matundu kwa bei ya dhahabu, kumbe matundu yenyewe anayatoboa kwa msumari!" Wakacheka zaidi.

Uwesu hakuwajibu. Alimgeukia Bi Mgeni. "Dada yangu, wewe kila siku unachukua hapa. Umewahi kusikia harufu ya dawa? Sema hapa mbele za watu."

"Mimi sijawahi kusikia harufu," Bi Mgeni akasema.

"Umesikia, Mzee?"

"Nimesikia. Sasa mbona mbuzi anakufa?"

Bi Mgeni aliangalia chini, kwenye maji ya mtaro, ganda la embe linapita. Uwesu alimngoja aongeze neno. Alipoona haongezi, alichukua gunia tupu, akafunika mboga zake polepole, kama mtu anayefunika maiti. Saa nane mchana, soko limejaa.

Wakati wa kurudi Bi Mgeni alimwambia Mzee atangulie, ana haja dukani. Aliingia duka la viungo akanunua magadi, kipande cha ukubwa wa ngumi. Akakifunga katika pindo la kanga, fundo la mara mbili. Hivi ndivyo alivyopanga: atakoroga maji ya magadi, atamnywesha Kashata bila mtu kuona. Kashata akipona, hakuna haja ya maneno. Angefunga siku tatu za toba, angemwomba Uwesu radhi kwa njia moja au nyingine.

Ilikuwa saa kumi alipoingia langoni. Kashata alikuwa amesimama, miguu imetanuka, anatetemeka, lakini amesimama. Leticia amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni yake, Mzee amekaa kwenye kigoda upande wa pili.

"Leti, nenda kapumzike, mimi nitakaa naye," Bi Mgeni alisema.

"Nipumzike wapi, mtani? Nikienda nyumbani si nitaota pembe tu."

"Mzee, wewe hujala."

"Nitakula kesho."

Walikaa watatu mpaka magharibi. Leticia alijaribu kumchekesha mbuzi, akamwimbia wimbo wa unyago kwa sauti ndogo, Mzee akajifanya hasikii. Bi Mgeni alishika lile fundo la kanga, akaliachia, akalishika tena. Mara mbili alisema, "Mzee," na Mzee akasema, "Naam," na mara mbili akauliza kitu kingine. Alipoondoka kwenda kuswali, magadi yalikuwa bado makavu penye pindo lake.

Kashata alikufa Jumanne, jua linachomoza. Bi Mgeni alimkuta Leticia langoni, hana utani wowote, kitoto kimo mikononi mwake kimevikwa fulana kuukuu.

Na nyuma ya Leticia alisimama Uwesu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa kanzu safi, kama mtu anayekwenda kwa kadhi.

"Nimesikia mbuzi amekufa," alimwambia Mzee. "Pole sana. Mimi sina ugomvi na wewe. Ninachotaka ni kimoja tu. Lipasue tumbo hapa, mbele yangu. Kama ni jani langu, litakuwamo. Nilione, nikubali, nisilime tena."

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. "Hata mimi nataka kujua. Na ngozi ni lazima itoke." Akamtazama Bi Mgeni. "Ni kazi yako kuniletea, lakini hili mtanisaidia wote."

Walimlaza Kashata juu ya turubai. Mzee alinoa kisu kwenye ukingo wa baraza, huku na huku. Leticia alishika mguu wa nyuma. Uwesu alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, midomo inacheza. Alikuwa anasoma kitu. Bi Mgeni alipiga magoti penye kichwa. Jicho la Kashata lilikuwa wazi, na nzi mmoja alikuwa anatembea pembeni yake.

Mzee akaanza kuchuna, kwa utaratibu, kuanzia miguuni. Alikuwa fundi. Ngozi ilitoka yote, madoa ya kahawia na meupe, akaikunja akaiweka pembeni. Kisha akaweka ncha ya kisu kwenye tumbo lililovimba.

Ndani ya tumbo lile kulikuwa na punje za mchele. Kulikuwa na mdalasini, na iliki, na kiazi alichokimenya yeye Bi Mgeni kwa mkono wake. Dakika moja tu na kila mtu angeona.

"Mzee, acha," akasema.

Kisu kikasimama.

"Usipasue. Ni mimi. Nilimpa pilau ya hitima. Nilimpa kidogo, iliyobaki akaivuta mwenyewe nikiwa naswali. Sufuria nzima. Uwesu hakupiga dawa."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya banda. Bi Mgeni, kwa sababu alishaanza na hakutaka kubakisha, alifungua fundo la kanga, akayaweka magadi juu ya turubai mbele ya Mzee.

Mzee Elimringi aliyatazama kwa muda.

"Haya ulinunua lini?"

"Jana."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Jana saa kumi," Mzee akasema taratibu, "alikuwa amesimama."

Alifuta kisu kwenye majani, upande huu na upande ule, ingawa hakikuwa na damu nyingi. Leticia aliuachia ule mguu, akasimama, akaenda kusimama ukutani, amewapa mgongo.

Uwesu ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Dada Mgeni, mimi nimeitwa muuza sumu mbele ya soko zima. Ulikuwapo. Sasa huko sokoni atakwenda nani kuwaambia?"

"Nitakwenda mimi."

"Leo?"

"Leo hii."

Akaenda. Alisimama mbele ya meza ya Uwesu wakati ule ule soko limejaa, akawaambia wachuuzi mmoja mmoja, kwa jina, kuanzia yule wa nyanya. Alisema aliyefanya ni yeye, na alichofanya, na kwamba alijua akanyamaza. Wengine walimsikiliza. Wengine walikuwa wanahesabu vitunguu wakasema, "Haya mama, yameisha." Yule wa nyanya alicheka kwanza, kisha akaona uso wake akaacha. Uwesu aliondoa gunia kwenye mboga. Hakumshukuru wala hakumtupia neno. Alimpimia mteja mchicha.

Aliporudi uani, Kashata alikuwa ameshazikwa kwenye kona ya mpapai, mzima, bila kupasuliwa tumbo. Mzee alikuwa amekaa barazani, na ngozi iko mbele ya miguu yake. Bi Mgeni aliiinua kwa mikono miwili, kama alivyoelekezwa siku ile alipokabidhiwa, akamwekea magotini.

"Mzee, Kashata amekufa. Nilimlisha nisichoruhusiwa, nikakuficha. Kafa kwa hayo mawili."

Mzee alipitisha kiganja juu ya manyoya. "Ngozi nimeiona," alisema. "Maneno nimeyasikia."

"Kesho nisije?"

Mzee aliikunja ngozi upya. "Yule mtoto ni jike la kwanza. Ni wako. Kwetu ndivyo ilivyo, haibadiliki kwa sababu nimekasirika. Nani atamnywesha?"

Basi Jumatano alikwenda. Alipofika langoni aliweka tenga chini, akaligeuza, jani moja moja, Leticia aone yote yaliyomo. Hakuwa ameambiwa. Leticia alitazama pembeni.

"Inua tenga lako, mtani," alisema. "Usinifanye polisi."

Lakini hakumwacha peke yake bandani, wala siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Na Mzee, aliyekuwa akija kila asubuhi kumuuliza hali ya mbuzi na kuzungumza mambo ya reli, sasa alitoka baada ya yeye kuondoka.

Kitoto kilinyweshwa kwa chupa. Leticia aliitoa kwenye rafu bila kufikiri, akaikosha, akatia maziwa ya mbuzi mwingine, akampa. Bi Mgeni aliijua kabla haijamfikia mkononi. Ilikuwa na mkwaruzo ubavuni, ilipokwaruzwa na chuma cha dirisha lake.

Kuna jambo alilokuwa akilirudia kila siku akiwa kwenye mkeka, baada ya kutoa salamu, mikono bado iko wazi. Alikuwa amesema kweli, hilo Mungu analijua. Lakini alisema wakati kisu kipo kwenye tumbo. Kama Uwesu asingekuja na kanzu yake, kama Mzee angechuna ngozi tu na kuzika, je, angesema? Aliomba aonyeshwe jibu. Hakuonyeshwa. Alibaki hajui alikuwa amemwogopa nani asubuhi ile, Mola wake au kile kisu, na aliona huenda ataondoka duniani hajajua.

Kitoto kilimaliza maziwa, kikasukuma chupa kwa paji lake lenye doa. Kikatafuta viganja vyake, vilikuwa vitupu. Kisha kikashuka kwenye pindo la kanga, pale palipokuwa na fundo, ambapo unga wa magadi ulikuwa umeingia kwenye uzi na haukutoka hata baada ya kufuliwa, kikaanza kulamba ile chumvi.

Bi Mgeni alivuta kanga, kisha akaiachia.

"Lamba basi," alisema. "Lamba, mwanangu. Magadi haya ndiyo aliyoyakosa mama yako."